Ndege Imekwenda, Ndege Anakuja

Jumatatu, 6 Aprili

Bila mimi mji huu ungekula samaki waliooza. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo. Kiwanda cha barafu kiko gatini, kila chombo kinachokwenda kuvua kinapita kwetu kwanza, na barafu inayoingia humo imepita mikononi mwangu. Mimi ndiye ninayefunga kalibu, yale makopo ya chuma ya kugandishia maji, kwenye winchi, nazing'oa kutoka tangi la maji ya chumvi, nazichovya kwenye maji ya kawaida mpaka pande liachie, halafu nalisukuma kwenye mashine ya kusagia. Meneja ana ofisi na feni. Lakini meneja akiugua, watu wanakula samaki. Mimi nikiugua wanakula mboga.

Shule niliiacha darasa la sita, mwalimu alipoanza kurudia mambo. Kuandika lakini najua, na leo naandika kwa sababu ya jana.

Jana mpwa wangu alipiga simu. Ni binti wa dada yangu, mtoto wake wa pekee. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, mama yake akawa anashinda kwenye cherehani, kwa hiyo nimemlea mimi, humu humu ndani. Sasa yuko ng'ambo mwaka wa nne, anafua mashuka ya hospitali. Hupiga Jumapili. Nilikuwa nimemwekea kisa cha pweza aliyeingia kiwandani akashika winchi nane kwa mpigo, meneja akataka kumwajiri. Sijafika hata kwenye mshahara wa pweza, akanikatiza. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Alisema polepole:

"Mjomba, leo nimechoka. Niambie kitu cha kweli. Kimoja tu."

Nikatafuta. Mtu mzima, nimeshika simu, nakipapasa kitu cha kweli kama anayepapasa kiberiti umeme umekatika. Mwisho nikamwambia kwamba huku kwetu mvua inanyesha.

"Asante, Mjomba," akasema, akakata.

Mvua yenyewe ilikuwa bado. Yalikuwa mawingu tu.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua imeanza. Angalau hilo sasa ni kweli.

Jumatano, 8 Aprili

Upepo wa jana uling'oa mabati mawili ya kiwanda. Asubuhi nilipokwenda kufungua mashine ya kusagia nikakuta chini ya mdomo wake, kwenye barafu iliyomwagika, kitu nilichodhani ni gunia lenye grisi. Gunia likanikodolea jicho.

Mwenzangu wa mashine, ambaye kwa unene wake tunamwita Msumari, akainama akatazama.

"Huyo kafa."

"Hajafa, ananiangalia."

"Hata mzoga unaangalia."

Nikapeleka mkono. Ndege akanishika kidole kwa mdomo wake, akakibana mpaka damu ikatoka. Nikamwonyesha Msumari: maiti gani anauma? Ni ndege wa baharini wa mbali, si hawa wadogo wanaogombania utumbo wa samaki gatini. Mweupe, mabawa yamepakwa weusi nchani, mdomo mrefu kama koleo. Kifua chote kimelowa mafuta machafu ya meli. Nikavua koti langu nikamfunga.

Nyumbani, Dada alikuwa kwenye cherehani. Hakusimamisha mguu.

"Nini hicho?"

"Mgeni."

"Mgeni amevaa koti lako?"

"Ni ndege wa bahari kuu, Dada. Bawa lake moja ni refu kuliko mlango huu."

Akasimamisha cherehani, akachukua tepu yake shingoni, akavuta bawa, akapima. Fundi ni fundi.

"Mlango wangu una futi saba. Hili halifiki tatu."

"Amejikunja kwa baridi."

"Wewe ndiye uliyejikunja akili. Kesho nisimkute."

Nimemweka chumbani kwangu kwenye boksi la sabuni. Alitoka, akatazama dari, akatazama chini ya kitanda, akatazama ndoo, halafu akanitazama mimi kama anataka kuniandikia faini. Nimempa jina Bwana Afya.

Alhamisi, 9 Aprili

Hajala. Dada amemkuta, hakusema kitu.

Ijumaa, 10 Aprili

Daktari wa mifugo alikuja kuchanja mbuzi wa jirani. Ni binti mdogo, mabuti ya mpira yanamfika magotini. Nikamvuta mpaka kwangu.

"Umempa nini?" akauliza.

"Mkate. Na chai."

"Chai?"

"Ya maziwa. Sukari nimeweka kidogo."

Akashusha begi lake chini, akakaa juu ya ndoo yangu, akajifuta uso. "Baba, huyu hakuja kukutembelea."

Akanieleza. Manyoya ya ndege huyu ndiyo koti lake la mvua. Mafuta yakiingia, maji yanapenya mpaka kwenye ngozi, anazama, anakufa kwa baridi. Nimwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, taratibu, mara nyingi. Nimpe samaki mzima mbichi, kichwa kikitangulia, asije akakabwa na miiba. Asisimame kwenye saruji tupu, miguu yake imeumbwa kwa maji, sakafu ngumu itaitoboa. Kila alilosema nilimwambia nalijua, nilikuwa namjaribu tu.

"Na usimzoee," akamalizia.

"Aa, ndege watanizoea wao. Mimi sina shida."

"Nimesema wewe, Baba."

Jioni tulimwosha kwenye karai la kufulia. Nimeandika "tulimwosha" kwa sababu Dada alikuja mwenyewe, akakunja mikono ya gauni, akamshika kichwa kwa taulo. Hakuna aliyemwita. Maji yakawa meusi, tukabadilisha, yakawa meusi tena. Dada akasema, "Hivi ndivyo nilivyokuwa namwosha mtoto akitoka kucheza na wewe."

Jumapili, 12 Aprili

Leo nilikaa na simu mapajani tangu mchana. Alipopiga nikamwambia bila salamu: "Nina kitu cha kweli."

"Haya."

"Nina ndege wa baharini chumbani. Mgonjwa."

Nikamsikia anavuta pumzi ya kunivumilia. "Mjomba, umeanza."

Dada akaninyang'anya simu. "Safari hii hasemi uongo. Ndege yupo, na amechafua pazia langu mpaka juu, sijui alipanda na ngazi." Akanirudishia.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana mtu mwingine hawezi kujua. Watu wenye akili zao husema ndege anaruka wakimaanisha huyu mwenye manyoya, na ndege inaruka wakimaanisha ile ya abiria. Mpwa wangu alipokuwa anaanza kusema alipindua. Ile ya juu ina sauti, ina taa, inajua inakokwenda, kwa hiyo kwake ilikuwa mtu: "Mjomba, ndege amepita." Na huyu wa kwenye waya wa umeme, asiyemwitikia hata akimwita, akawa kitu: "Mjomba, ndege imekaa." Sikumsahihisha. Nilimwambia amesema vizuri, marubani wote huongea hivyo. Akaenda akayaandika shuleni kwenye mtihani, mwalimu akamsahihisha, akasimama akamwambia mwalimu kwamba mjomba wake ameongea na marubani. Dada akaitwa shuleni. Mimi nilijifanya naumwa tumbo.

Leo nikashika simu tena, na ile sauti ya mbali, iliyokuwa imechoka Jumapili iliyopita, ikauliza:

"Inakula?"

Nikamwambia, "Haijala. Imekunywa chai."

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na nyuma yake nikasikia mashine za kufulia zinazunguka, na mtu akimwuliza kitu kwa lugha nisiyoijua. Akasema lazima arudi kazini. Akasema Jumapili atataka kujua.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Mapande ya barafu mia na zaidi. Bwana Afya hajala.

Jumatano, 15 Aprili

Amekula. Niandike vizuri: nilikuwa nimekata tamaa, nimekaa chini, samaki nimemshika mkiani, namhadithia Bwana Afya habari za pweza. Akainamisha kichwa upande, akanyakua, akameza, akanitazama kama kwamba mimi ndiye nimechelewesha. Samaki watatu. Nilikwenda kumwambia Dada, nikamkuta ameshika mkasi amesimama nyuma ya mlango, anasikiliza.

Jumapili, 19 Aprili

Alipiga kabla ya saa yake. "Imekula?" ndilo neno la kwanza. Mama yake aliulizwa hali mwisho.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua haikatiki. Chumba changu kinanuka kama sehemu ya chini ya gati. Msumari amekataa kukaa karibu nami wakati wa chai, anasema ninanuka kama mzigo uliosahauliwa bandarini. Nimemwambia ni harufu ya madaktari bingwa wa ndege.

Jumapili, 26 Aprili

Ujumbe umeingia asubuhi, hakupiga. Umeandikwa: *Mjomba, ndege anakuja. Mei 30.*

Nilimpa Msumari ausome, nikitaka mashahidi. Akausoma, akageuza simu. "Ndege mwingine tena? Huyu mmoja hajakutosha?" Dada naye akausoma akasema, "Anakuja kutoka wapi, na nyumba imeshajaa ndege?" Kisha akaelewa. Akarudi kwenye cherehani, akaitia uzi, akautoa, akautia tena.

Nami nikatoka uani nikasimama kwenye mvua. Nilikuwa nakagua mfereji.

Jioni nikampigia mimi, safari hii hela ya simu nilikuwa nayo.

"Utaikuta," nikamwambia. "Sitaiachia mpaka uje uione."

"Usinidanganye, Mjomba."

"Nakuapia."

"Nataka kuiona na wewe umeishika. Kitu kimoja tu, kati ya yote uliyowahi kunihadithia, nataka nikishike mkononi."

Nikasema sawa.

Ijumaa, 1 Mei

Dada amenunua kitambaa cha kijani. Anashona gauni. Nilimwuliza vipimo amepata wapi, akasema vipimo anavyo. Vimeandikwa ukutani kwa kalamu ya risasi, vya mwaka ule mtoto aliposafiri.

Mimi nilikuwa najua siku zote kwamba ninayemkumbuka mtoto ni mimi, na kwamba Dada ni mtu wa pini na pasi. Leo nimeutazama ule ukuta. Amekuwa akiupaka chokaa kila mwaka, na kila mwaka anapaka kuzunguka yale maandishi.

Jumamosi, 9 Mei

Daktari wa mifugo amepita. Tulimweka Bwana Afya kwenye karai kubwa. Alikaa juu ya maji kama chelezo, maji yanateleza kifuani kama yanavyoteleza kwenye nailoni. Hakuna hata unyoya uliolowa. Akajitikisa, akafungua mabawa yote mawili, na nisitie chumvi, chumba kikawa kidogo.

"Amepona," daktari akasema. "Mwachie aende wiki hii. Wenzake bado wako nje ya ukuta wa bandari, nimewaona. Mvua zikipungua wanaondoka."

"Bado anachechemea," nikasema.

"Sioni."

"Mbele ya wageni anajikaza."

Alinitazama. Alikusanya vitu vyake bila haraka. "Baba, kuna mtu unamsubiri?"

Nikamwambia winchi inanisubiri.

Jumatano, 13 Mei

Anasimama mbele ya mlango. Nikimgeuza, anajigeuza.

Jumapili, 17 Mei

Amepiga. Sauti imerudi kuwa ile ya mwanzo, iliyochoka.

"Mjomba, ndege amesogezwa. Wamepunguza watu, likizo zote zimekwenda mwisho wa Juni."

"Si mbali."

"Ni mbali." Mashine zake zinazunguka. "Lakini ndege ipo, eh?"

"Ipo. Inakusalimia."

"Inasalimia vipi?"

Nilikuwa na majibu kumi. Inapiga saluti, inainamisha kichwa ikisikia jina lako, imejifunza kubisha hodi. Nilimtazama Bwana Afya. Alikuwa amesimama kwenye gunia nililomtandikia, mguu mmoja ameuinua, anauweka, anauinua mwingine. Nikamwambia salamu zake ni za kawaida tu.

Jumatatu, 18 Mei

Miguu. Nimemlaza nikaitazama: chini ya unyayo wa kushoto kuna kidonda chekundu ukubwa wa kifungo cha shati, na wa kulia unaanza. Magunia nimetandika, mataulo ya Dada nimetandika, hata godoro langu. Kumbe si ulaini. Ni kusimama.

Jumanne, 19 Mei

Mvua nyepesi, ya kuaga. Hakula.

Alhamisi, 21 Mei

Leo nimegombana na Dada. Naandika kama ilivyokuwa, asije mtu akasema nimepindisha.

Alinikuta nampaka dawa miguuni. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mwachie."

"Nimemwapia mtoto."

"Umemwapia. Wewe umemwapia mangapi yule?"

"Ndiyo maana. Hili ndilo moja ninaloweza kulishika likashikika. Mkononi, Dada. Aliniambia mkononi."

"Juni iko wapi? Huyu atafika Juni?"

"Atafika."

"Na wakisogeza tena? Utamweka mpaka Desemba? Utamkausha umtundike ukutani, mwanangu akija umwambie nimekusubirishia?"

Nikamwambia yeye hajui kumkumbuka mtu. Neno lilitoka lenyewe. Nilipolisikia nikataka kulirudisha, na halikurudi. Dada alinitazama tu, tepu yake shingoni. Kisha akasema:

"Mimi nilimpa nauli ya kwenda. Niliuza cherehani ya pili ili nimpe. Unadhani nilitaka aende?"

Akatoka. Cherehani haikulia tena mchana kutwa, na nyumba isiyo na ile cherehani ni kama kiwanda kikizimwa umeme: unasikia matone.

Ijumaa, 22 Mei

Hakula. Amegeukia mlango tangu asubuhi. Nimemhadithia pweza, nyangumi aliyenikopesha baiskeli, siku niliyonyanyua pande la barafu kwa meno. Zamani mtu mmoja mdogo alikuwa akisinzia kwenye ile ya baiskeli, mkono wake umeshika sikio langu, na nikinyamaza tu anafumbua macho. Huyu hakugeuza shingo.

Jumapili, 24 Mei

Nimemwachia.

Nilimbeba asubuhi kwenye kreti ya samaki iliyofunikwa koti. Msumari nilimwomba aje awe shahidi, akawa na msiba kwao. Dada nilimkuta mlangoni ameshavaa viatu. Hatukuzungumza kuhusu Alhamisi. Alishika upande mmoja wa kreti, mimi mwingine, tukaenda mpaka mwisho wa ukuta wa bandari, pale mawe yanapoanza kuteleza.

Mbali kidogo wenzake walikuwepo. Si wengi. Walikuwa wanapanda na kujitupa majini kama mikuki, wanapanda tena.

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilifungua kreti, akatoka, akasimama juu ya jiwe. Alitazama jiwe. Alitazama viatu vya Dada. Akaninyea mguuni. Kisha akatembea, maana yake akajiburuta, mpaka ukingoni, akaanguka majini kama mzigo uliokatika kamba. Dada akanishika mkono. Tukadhani ndiyo kwisha. Akaibuka, akajitikisa, akazamisha kichwa, akakitoa, akaogelea kwenda mbele kama mtu anayekwenda dukani. Tulisubiri. Dada hakuachia mkono. Akaanza kupiga maji kwa miguu na mabawa, anakimbia juu ya maji, anashindwa, anakaa, anapumzika. Mara ya tatu maji yakamwachia.

Hakugeuka. Hakuzunguka juu yetu. Alikwenda kwa wenzake, na ndani ya muda mfupi sikujua tena yeye ni yupi.

Nilituma ujumbe palepale: *Ndege imekwenda.*

Akapiga hapo hapo, na kwake ilikuwa saa ya kazi.

"Imekufa?"

"Haijafa. Imekwenda. Miguu ilikuwa inaoza, mama. Ilikuwa inaoza kwa kukusubiri. Nilikuapia, na sikuweza."

Nikajua ndiyo nimempoteza. Nikaendelea tu, nikamwambia lote: jiwe, kunyewa mguu, kuanguka, kushindwa mara mbili. Sikuongeza kitu. Nilishangaa jinsi kilivyo kifupi kisa kisichoongezwa kitu.

"Haikugeuka?" akauliza.

"Haikugeuka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikasikia anapenga kamasi. Halafu akasema, "Ungetia chumvi kidogo tu hapo, Mjomba. Ningekusamehe."

Basi nikamwambia ilikohoa. Ilikohoa kama mtu anayetaka kusema jambo mbele ya watu akaona haya. Akacheka na kulia pamoja, nami simu nikampa mama yake, kwa sababu upepo ulikuwa umeniingia machoni.

Jumanne, 26 Mei

Mvua hakuna. Nimefua godoro.

Jumapili, 31 Mei

Alipiga. Tulizungumza muda mrefu bila kuwa na cha kuzungumza. Aliniambia kitu chake cha kweli: kuna shuka moja kati ya mamia lenye kiraka cha maua, kila likirudi kwenye mashine yeye hulitoa na kulikunja kwanza. Hajui kwa nini. Mimi nikamwambia najua, na sikueleza.

Jumatano, 10 Juni

Nimekwenda mwisho wa ukuta wakati wa chai. Bahari tupu.

Jumapili, 14 Juni

Ujumbe: *Ndege hajasogezwa.* Dada amepiga pasi gauni la kijani mara mbili leo.

Ijumaa, 19 Juni

Nimeagana na mambo mengi maishani bila kujikwaa. Nimeagana na meli, na jino la mbele, na mke ambaye siku hizi ana maisha mazuri kwingine. Lakini chumba hiki kimeniwia kikubwa. Asubuhi bado naruka pale lilipokuwa boksi.

Jumatano, 24 Juni

Kiwandani nimewatangazia: Jumamosi siji. Meneja akauliza barafu atatoa nani. Nikamwambia siku moja mji ule mboga. Nikawaeleza pia kwamba yule mtoto ningemtambua hata gizani, hata katikati ya watu elfu, kwa hatua zake tu, maana ni mimi niliyemfundisha kutembea. Msumari ameomba gari la kiwanda atupeleke uwanja wa ndege.

Jumapili, 28 Juni

Yuko ndani na mama yake. Nasikia wanavyocheka, na cherehani inafanya kazi: gauni linafumuliwa mabegani, limembana. Atakaa wiki tatu. Naandika haraka kabla hajaniita.

Kesho kiwandani nitasimulia hivi: milango ilifunguka, watu wakamwagika, nami nikasema bila hata kuangalia, yule. Msumari hatanipinga, alikuwa anatafuta pa kuegesha gari. Dada alikuwa ameganda kwenye vyuma vya kusubiria, macho yote mlangoni, hakuona kitu kingine. Kwa hiyo kisa kitasimama hivyo, na watu watakipenda.

Lakini humu niandike ilivyokuwa. Nilisimama kwa vidole vya miguu. Akatoka msichana mwembamba, nywele amesuka, anakimbia na begi, nikampungia mikono yote miwili na kumwita mama. Akanipita. Akatoka mwingine kama huyo, nikampungia na yeye. Nilikuwa namtafuta yule niliyemsindikiza. Kumbe kulikuwa na mwanamke amekuja kusimama nyuma yangu, mtu mzima, nywele fupi, miwani, mikono imekauka kwa sabuni. Akanigusa bega. Niligeuka, nikamtazama usoni vizuri kabisa, nikampisha, nikamwambia:

"Samahani, dada, nimekuziba? Kuna mtoto wangu namsubiri."